Ziwa Lilelile Mara Tatu

Jumamosi iliyopita tulimzika Baba Mdogo Melkiadi huko Louisville, na baada ya mazishi, katika ukumbi wa kanisa uliojaa harufu ya pilau na makoti yaliyolowa mvua, mzee mmoja alishika kipaza sauti akasema marehemu alikuwa mtu wa kutulia. Nilikuwa na kipande cha ndizi mdomoni, nusura kinipalie. Kama mzee yule angesema marehemu alikuwa mkarimu, ningeitikia amina. Angesema mcheshi, mchapakazi, mtu wa kusali mpaka magoti yanaota sugu, ningeitikia pia. Lakini kutulia! Mtu aliyenizungusha majimbo matatu ndani ya mwaka mmoja wa shule! Nilimtazama Mama Furaha, mjane wake, aliyekaa mstari wa mbele na kitambaa cheupe kichwani, nikakuta ameshanitazama. Akainamisha uso na mabega yakaanza kutikisika. Akina mama wawili wakamkimbilia na karatasi za kufutia machozi. Mimi niliyekula naye miaka mingi nilijua kwamba anacheka.

Baba Mdogo ndiye aliyenilea na ndiye aliyenileta Marekani kutoka kambini Tanzania, na habari za kabla ya hapo naziacha, si za sura hii. Hapa nataka kusema juu ya mwaka mmoja tu, kuanzia Agosti 2015 hadi Juni 2016, mwaka ambao nilitaka kitu kimoja duniani, cheti cha sekondari. Sikutaka gari, sikutaka mchumba, wala zile nywele za bandia ambazo wenzangu kanisani walikuwa wakizishindania. Nilitaka ile karatasi yenye jina langu, kwa sababu nilikuwa nimeona wanawake wa kwetu wanavyopakia maboksi usiku na mchana, na nilijua kwamba bila hiyo karatasi nami nitapakia maboksi mpaka mgongo ugome. Nimeishi Buffalo kwenye anwani moja tangu mwaka ule, nina kazi niliyoisomea, na bado nikiuwaza napandwa na hasira kama ni jana.

Louisville tulikaa nyumba ya chini katika majengo ya matofali mekundu, vyumba viwili vya kulala na sebule yenye zulia lililonuka mbwa wa wapangaji waliotangulia. Tulikula kwenye meza ya plastiki ya bustani ambayo Mama Furaha alikuwa ameifunika kitenge, ugali na maharagwe siku za kazi, sombe ya majani ya muhogo na samaki Jumapili. Baba Mdogo alifanya kazi kwenye ghala la vifurushi. Mimi nilipanda basi la njano asubuhi pamoja na watoto niliowazidi urefu wote, na saa ya tatu nilikuwa na somo la historia ya dunia. Huko ndiko nilikokutana na Waazteki. Mwalimu alitusimulia kwamba walikuwa watu wa kuhamahama, hakuna aliyewataka, wakifukuzwa huku wanakwenda kule, na mungu wao alikuwa amewaambia wasitulie mpaka wamwone tai ametua juu ya dungusi kakati, ule mmea wa miiba. Wakamwona juu ya kisiwa cha matope katikati ya ziwa. Basi wakajenga hapo hapo, mji mkubwa ulioitwa Tenochtitlan, wenye barabara zilizopita juu ya maji, mashamba yaliyozungukwa na maji, na mfereji wa mawe ulioleta maji ya kunywa kutoka mlimani. Nilinakili kila neno. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusoma kitabu cha shule kinachozungumza juu ya watu waliopewa mahali pabaya wakapafanya pazuri, na sikulala vizuri kwa furaha.

Jioni nikawasimulia mezani. Mama Furaha ni Mkongomani wa Uvira, na kila hadithi aliisikiliza kwa kuitafutia dosari. Akaweka kijiko chini. "Bon, na ile mungu yao, mu fasi yote hii aliona matope tu? Alikosa hata mulima moja ya kuwapatia?" Baba Mdogo akasema muhimu si matope, muhimu ni kwamba walingoja ishara na ilipokuja wakaitii. Alisema hivyo kwa uzito wa mahubiri, na ningekuwa mwerevu zaidi ningeogopa pale pale. Ishara zake yeye zilikuja kwa simu. Kulikuwa na mzee wa kanisa mmoja huko Westerville, karibu na Columbus, ambaye alikuwa akimpigia mara kwa mara kumsifia kule. Wiki moja mwezi wa Oktoba nilikuwa bafuni nafua soksi za watoto nikamsikia Baba Mdogo upande wa pili wa ukuta. "Ndiyo mzee. Zamu ya mchana? Eeh. Na kanisa lipo karibu? Eeh." Kisha kimya, halafu, "Eeeh!" Ile ya tatu ilikuwa ndefu, nami nikajua tumeshahama. Siku tisa baadaye tulikuwa barabarani, magodoro juu ya gari dogo la kukodi, Furaha wa miaka tisa akilia kwa Kiingereza kwa ajili ya rafiki yake wa darasani. Kitabuni tulikuwa tumewaacha Wahispania wamesimama kwenye njia ya mlimani, wanauona mji kwa mara ya kwanza. Sikujua nini kingetokea wakishuka.

Columbus walinipima Kiingereza upya kwa wiki mbili, kana kwamba kilikuwa kimedondoka njiani. Halafu wakanipeleka darasa la historia, nikafungua kitabu cha jimbo lile, nikakuta tai. Chini ya tai, dungusi kakati. Chini yake, ziwa. Nilinyoosha mkono nikamwambia mwalimu nimeshasoma sehemu hii, naomba tuendelee mbele, na yeye akatabasamu akasema vizuri sana, basi nitawasaidia wenzangu. Nilikaa kimya wiki nzima. Alama za Louisville, waliniambia ofisini, za masomo mengine zitahesabiwa, lakini historia haihesabiki kwa sababu niliiacha katikati. Nikarudi nyumbani nikawaambia, na Mama Furaha, aliyekuwa akimenya vitunguu, akaguna. "Weye kila siku unasoma tu ile ziwa. Haiishake?" Nikamwambia ningeimaliza kama mumewe angeniacha nikae. Nilisema kwa Kirundi, lugha ya kwao, ili Baba Mdogo asikie vizuri. Alikuwa sebuleni anatengeneza redio. Aliisikia, naijua ile namna yake ya kusikia, mikono inasimama kidogo kisha inaendelea.

Kitu kimoja kizuri nilikipata Columbus nacho ni Lupe. Alikaa nyumba ya chini yetu, mwanamke wa makamo kutoka Meksiko, mfupi, mwenye kicheko cha kuamsha jengo, na alipakia bidhaa ghala moja na Mama Furaha. Wawili hao walikuwa na Kiingereza cha maneno labda arobaini, na kwa maneno hayo arobaini walisengenya dunia nzima. Jumamosi alipanda ngazi na sufuria ya mahindi ya kusaga yaliyofungwa kwenye maganda yake na kupikwa kwa mvuke, Mama Furaha akamtolea maharagwe, na mimi nikaitwa niwe mkalimani ingawa sikuwazidi sana. Siku moja kitabu changu kilikuwa mezani, kimefunguliwa kwenye picha ya mji. Lupe akafuta mkono kwenye aproni, akaweka kidole upande wa kulia wa picha, mbali na kisiwa, kwenye maji ya buluu. "Hapa," akasema, "nyumba ya mama yangu."

Nikamwambia hapo ni ziwani. Akasema ndiyo, ilikuwa ziwani, sasa ni mtaa. Kisha akatueleza, akiinuka mara kwa mara kutuonyesha kwa mikono na kwa milango ya jikoni kwetu. Wahispania walipouteka mji waliona maji kuwa adui, na kila mafuriko yalipokuja walizidi kuyatoa, mpaka ziwa likaisha. Watu wakajenga juu ya tope lililobaki. Walipozidi kuwa wengi wakachimba visima kutafuta maji ya kunywa, na kadiri walivyoyanyonya maji ya chini, tope lilishikana na mji ukatitia, huku zaidi, kule kidogo, kwa hiyo hakuna kilichonyooka. Makanisa yameinama. Kwa mama yake mlango wa mbele ulikuwa umepigwa randa mara nyingi, kwa sababu nyumba inapinda na mlango haufungi, mpaka sasa mlango wenyewe una umbo la pembe. Mpira wa mtoto ukiuweka sakafuni unajiendea jikoni. Na juu ya yote hayo maji hakuna. Maji huja kwa lori, siku yakija, na mama yake mwenye magoti mabovu hukaa nyumbani kutwa kwa kuogopa lori lisimpite. Mvua ikinyesha, mtaa unajaa maji ya kuogelea, na bomba la jikoni linakohoa upepo. Mama Furaha alikuwa ameacha kula. "Donc," akasema, "walikunywa ziwa yao bakabakiwa na kiu." Nilipomtafsiria Lupe hakucheka, alitikisa kichwa tu akasema ndiyo, ndiyo, ni hivyo.

Jioni ile nilimuuliza kwa nini mama yake hahami. Lupe akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hauzi mguu wake. Akasema pale ndipo alipojenga. Nilitamani Baba Mdogo awepo asikie, lakini alikuwa chumbani na simu sikioni, na Februari tukaenda Buffalo. Safari hii alikuwa binamu yake fulani aliyesema kuna kazi ya usafi katika mabweni ya wanafunzi kule Amherst, kazi safi, watu wastaarabu, na nyumba kubwa upande wa magharibi wa mji. Sikumsemesha njia nzima. Pale Erie, theluji ikipiga kioo, alinipa nusu ya chapati yake bila kugeuka nyuma, nikaikataa, kisha njaa ikanizidi nikaiokota kwenye mapaja ya Furaha.

Nyumba ya Buffalo kweli ilikuwa kubwa, ya mbao, orofa ya juu, na upepo uliingia kila mahali. Tulibandika plastiki madirishani. Shule ilikuwa dakika ishirini kwa miguu kupitia Grant Street, na mara ya kwanza kupita mtaa ule nilikaribia kulia, kwa sababu niliona dirishani magunia ya maharagwe ya njano na mikungu ya ndizi mbichi, na nikasikia watu wawili wakigombana kwa Kiswahili. Nilijiambia hapa ndipo. Hapa naweza kukaa. Siku ya tatu mshauri wa wanafunzi aliniita ofisini, mwanamume mpole mwenye miwani, akafungua faili langu kwenye kompyuta. Akaniambia kilichobaki ni historia ya dunia na mtihani wake wa jimbo mwezi wa Juni. Nikafurahi. Kisha akasema Juni hiyo ndiyo ya mwisho kwangu, kwa sababu tarehe mosi Januari nilitimiza miaka ishirini na moja, na mwaka wa shule ukiisha sheria hainiruhusu kurudi. Nikifeli, niende masomo ya watu wazima, cheti chake ni kingine.

Nilijua karatasi zangu zimekosea. Nusu ya watu wa kanisa letu wamezaliwa Januari mosi, tunapeana pongezi siku moja kama jeshi. Lakini kweli yangu ilikuwa miaka kumi na tisa hata haijatimia, na siku zote nilidhani ile miwili ya ziada ni uzembe wa karani kambini. Jioni nilimngoja Baba Mdogo avue viatu. Nikamuuliza nani aliandika elfu moja mia tisa tisini na tano. Akanitazama, akavua soksi moja, akaikunja. "Mimi," akasema.

Akanieleza bila haraka, na hilo ndilo lililonikera zaidi, kwamba alikuwa na maelezo yaliyonyooka. Kwenye usaili wa kuja Marekani, mtoto mdogo asiye wako wa kumzaa alikuwa anafunguliwa uchunguzi wa peke yake, anahojiwa, ndugu wanatafutwa, na faili la familia nzima linawekwa pembeni. Alijua watu waliongoja hivyo mpaka watoto wakawa na watoto. "Nikasema una kumi na minane. Ulikuwa mrefu, wakaamini. Nilikuongezea miwili, Spesi, ili tusikae mingine mitano kule." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. "Ungejikwaa kwenye usaili. Uongo ulikuwa wangu, sikutaka uubebe." Nikamwambia nimeubeba hata hivyo, na kwamba kama angeniandika kweli, hata baada ya kuhamahama kote ningekuwa na miaka miwili ya kusoma nipendavyo. Mama Furaha alitoka jikoni, akasimama kati yetu, sufuria ya wali mkononi. "Melkiadi, hapa hatuhami tena mpaka mutoto amalize masomo. Minasema." Baba Mdogo akasema haya. Mimi nilimsikia akisema haya, Furaha alimsikia, na Mungu alimsikia.

Kesho yake niliingia darasa la historia na mwalimu, Bi Doyle, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya mkuu wa gwaride, alikuwa akichora ubaoni. Alichora ziwa. Nikaweka kichwa juu ya dawati nikacheka mpaka msichana wa Nepal aliyekaa karibu nami akaniuliza kama naumwa. Ile ilikuwa mara ya tatu. Bi Doyle aliposikia kisa changu hakutabasamu kama yule wa Columbus, alisema basi mimi nitafanya kazi nzito zaidi, nitengeneze mfano wa mji wenye maji halisi, na nieleze ulivyokuwa na ulivyo leo. Nilitaka kumkatalia. Nilichoka na ule mji. Lakini alama za ile kazi zingenivusha.

Ndipo ikaja Jumamosi moja ya Aprili ambayo naitunza peke yake, kando ya mwaka ule. Nilikuwa jikoni na trei kubwa ya kuokea, nimeshindwa, matope yangu yanamomonyoka na mashamba yanayeyuka kuwa supu. Baba Mdogo alipita kuchukua chai. Akatazama trei, akatazama picha kitabuni, mashamba marefu membamba na mifereji katikati. Akavuta kiti. "Hawa ni watu wa bondeni," akasema, na sauti yake ikabadilika. Kwao Burundi alikuwa amelima bonde la maji tangu utotoni, jambo ambalo hakuwahi kunisimulia. Akakunja mikono ya shati. Akanituma nyuma ya nyumba, theluji ilikuwa imeyeyuka, nilete tope la chini, si la juu lenye mchanga. Akanionyesha jinsi mtaro unavyochimbwa na tope lake kupandishwa kwenye tuta, safu kwa safu, na majani makavu katikati. "Mvua ikizidi, maji yanashukia mtaroni. Kiangazi kikija, unachota humo humo. Kingo wao wanazishika na nini?" Nikasoma, nikamwambia walipanda miti kandokando. Akaridhika. "Sisi tulipanda matete." Kwa hekalu nilikuwa nimetumia kipande cha tofali, na kila nilipokiweka kilizama upande. Akanikataza nisiongeze tope. Akachukua vijiti vya kuchokolea meno, akavikandamiza vingi wima, vikikaribiana, mpaka vikapotea, kisha akaweka tofali juu yake. Likakaa. Nikageuza ukurasa nikamsomea kwamba wao pia walipigilia magogo chini ya majengo mazito. Alifurahi kama aliyetajwa jina redioni.

Mama Furaha akatoka na kikaratasi cha mbegu za lengalenga, mchicha wa kwao, alizonunua Grant Street, akazinyunyizia juu ya matuta. Nilipomwambia kwamba Waazteki walikula mmea wa ukoo uleule, mbegu na majani, alipiga makofi. "Kumbe balikuwa batu ya kwetu!" Baada ya siku tano lengalenga ilichipua, nyekundu kidogo, nami nikaibeba trei kwa miguu dakika ishirini bila kumwaga. Darasani nilieleza yote, na mwisho nikawaeleza juu ya nyumba ya mama yake Lupe na mlango wake wa pembe. Bi Doyle aliiweka trei dirishani. Akaniuliza nani alinifundisha kujenga juu ya tope. Nikasema baba yangu. Nilitembea kurudi nyumbani nikijiambia kwamba mtu aliyekaa kwenye kiti kile saa sita kwa ajili yangu ameelewa.

Wiki ya tatu ya Mei, mchana wa Jumapili, baada ya ibada, alifuta mdomo akasema ghala la Louisville limempigia, wanamrudisha kwa cheo cha msimamizi, anatakiwa Jumatatu ya pili ya Juni. Mtihani wangu ulikuwa Jumanne ya wiki hiyohiyo. Kijiko cha Mama Furaha kilisimama hewani. Furaha akauliza kwa Kiingereza kama huu ni mzaha. Mimi nilisimama, na kwa mara ya kwanza maishani nikampigia kelele mtu aliyenilea. Nikamwambia alisema haya. Nikamwambia mtu anayejua kulima bondeni hawezi kung'oa kila siku kabla ya mavuno. Nikamwambia hata wale Waazteki, waliozunguka muda mrefu kuliko yeye, walipofika walikaa.

Baba Mdogo hakupandisha sauti. "Walikaa," akasema. "Halafu wageni wakashuka mlimani, wakaukuta mji mahali pake, wakauchukua. Na huyo mama wa Meksiko amekaa, mpaka leo anangoja lori la maji. Mimi nilikaa mara moja, Spesi. Nilikuwa na nyumba na shamba, na nilikaa siku mbili zaidi ya majirani zangu. Wewe ndiye uliyebaki." Nilijua anasema juu ya nani, na habari hizo nimeahidi kuziacha. Nilimwonea huruma, na bado nilikuwa na hasira, na kwamba huruma haikuiondoa hasira hata kidogo ndilo lililonitisha. Nikamwambia Louisville siendi. Mama Furaha alinifuata chumbani, akakaa kitandani. "Miye pia minachoka," akasema, "lakini ule ni bwana yangu. Weye bakia. Maliza masomo yako." Yeye ndiye aliyezungumza na Mama Riziki, mjane wa kwaya aliyekaa karibu na Grant Street, akanipatia kochi lake.

Waliondoka Jumamosi. Sikutoka kuwaaga. Nilikaa kwa Mama Riziki nimefungua kitabu, nikasikia gari likipunguza mwendo nje, likasimama kidogo na injini ikinguruma, kisha likaenda. Mama Riziki, kichwa chake dirishani, akasema, "Anakuangalia." Nikamwambia ninasoma.

Jumanne nilikaa kwenye chumba cha mtihani saa tatu kamili. Nikageuza karatasi, nikaisoma yote mpaka mwisho, kisha nikaisoma tena kwa kutoamini. Hapakuwa na swali hata moja juu ya Waazteki. Hapakuwa na tai wala ziwa. Nilikuwa najua mengi juu ya mji ule kuliko mtu yeyote katika jimbo la New York siku ile, na waliniuliza juu ya viwanda vya Uingereza. Nilikasirika mpaka nikaandika vizuri.

Matokeo yalitoka mwisho wa mwezi, nimevuka kwa alama chache. Nilimpigia mchana, saa ya mapumziko yake, ilikuwa mara ya kwanza kuzungumza tangu waondoke. Nikamwambia nimefaulu. Nikasikia ameondoa simu mdomoni anawaambia wenzake, kwa kile Kiingereza chake, kwamba binti yake amemaliza shule. Wakapiga makofi, watu nisiowajua. Nilingoja arudi aseme lile neno la kuniomba radhi. Ningelipokea hata nusu, hata kwa Kirundi, hata akijifanya anakohoa.

"Spesi, upo?"

"Nipo, Baba Mdogo."

"Huku kuna chuo, nimeshauliza. Unakuja lini?"

Nikamwambia siji. Nikamwambia nina hasira naye, na sijui itaisha lini. Nilisikia kengele ya ghala ikilia nyuma yake, na watu wakirudi kazini. Akasema haya, atanipigia Jumapili. Akapiga Jumapili ile, na Jumapili zote zilizofuata, miaka mingi, baada ya ibada, akiwa bado na tai shingoni nadhani, na baada ya salamu aliniuliza kama hasira imeisha. Wakati mwingine nilikuwa nacheka nikimjibu, wakati mwingine sikucheka, lakini jibu lilikuwa lilelile, kwamba bado.

"Haya," alikuwa akisema. "Nitapiga tena Jumapili."